Fimbo ya Mbali na Nyoka wa Karibu

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii tumeirithi kwa wazee wetu, na hapana shaka mtu wa kwanza kuitamka alikuwa amesimama uso kwa uso na nyoka, huku fimbo yake imelala nyumbani. Maana yake ni wazi: msaada usiofika mahali pa hatari wakati wa hatari hautofautiani na msaada usiokuwapo. Walakini historia ina tabia ya kuzijaribu methali, kama mfua dhahabu aijaribuvyo dhahabu kwa moto. Katika insha hii tutaijaribu methali hii kwa jambo moja tu, nalo ni dawa. Tutauliza hivi: Je, mtu aliye mbali aweza kumpa mgonjwa dawa iliyo sawa, kwa kiasi kilicho sawa, bila ya kumgusa? Swali hili liliwasumbua mabaharia wa kale, likawasumbua wachunga ng'ombe wa jangwani, na leo lawasumbua vijana wanaosomea famasia katika vyuo vikuu, kwa kuwa wao ndio watakaolijibu kwa vitendo.

Yafaa kwanza tujue kazi yenyewe ya mfamasia ni nini. Watu wengi humdhania kuwa mwenye duka kama wenye maduka wengine, ila bidhaa yake ni vidonge badala ya sukari na chumvi. Dhana hiyo si kweli. Mfamasia huisoma karatasi ya daktari na kuichungua isiwe na kosa. Humwuliza mgonjwa anatumia dawa gani nyingine, maana dawa mbili zilizo njema kila moja peke yake huweza kuleta madhara zikikutana mwilini. Kisha huipima dawa. Mwisho humweleza mgonjwa aitumie vipi, wakati gani, na kwa siku ngapi. Katika kazi hizi nne, kupima ndiko kunakoonekana na watu, lakini kuuliza na kueleza ndiko kunakookoa maisha.

Kwa sababu ya uzito huo, watawala wa kale hawakuiacha kazi hii mikononi mwa kila mtu. Mjini Baghdad maduka ya dawa yalikuwapo tangu karne ya 9, na wakaguzi waliwekwa kuyachungua. Katika karne ya 13 Mfalme Frederick wa Pili, aliyeitawala Sicilia, alitoa sheria iliyotenga kazi ya daktari na kazi ya mtengeneza dawa, ili mmoja asiifiche hila ya mwenziwe. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1815 iliwataka watengeneza dawa kutumikia miaka 5 chini ya mwalimu kabla ya kupewa ruhusa ya kufanya kazi peke yao. Miaka 5 ya kusimama kando ya mwalimu, kutazama mikono yake na kuyasikiliza maneno yake mbele ya wagonjwa!

Utaratibu huo wote ulijengwa juu ya wazo moja, kwamba dawa, mtoa dawa na mgonjwa wako chini ya dari moja. Lakini vipi kuhusu baharia aliyeshikwa na homa katikati ya bahari, miezi mitatu toka bandari yoyote? Mwaka 1617 tabibu Mwingereza John Woodall, aliyekuwa mkuu wa matabibu wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, alichapisha kitabu kilichoeleza vitu vyote vilivyostahili kuwamo katika sanduku la tabibu wa merikebuni, na namna ya kuvitumia. Humo alitaja hata maji ya ndimu kwa ajili ya ugonjwa wa kiseyeye, uliokuwa ukiwaua mabaharia kwa wingi. Hapo twaona jaribio la kuipeleka fimbo mbali: dawa ikasafiri ndani ya sanduku, na elimu ikasafiri ndani ya kitabu. Jaribio hilo lilikuwa na kasoro moja kubwa. Kitabu hakiulizwi kikajibu. Mgonjwa ambaye dalili zake hazikuandikwa kitabuni alibaki peke yake na maradhi yake, na merikebu ikaendelea na safari.

Sasa tuvuke bahari hadi Australia, maana huko ndiko swali letu lilikoulizwa kwa ukali zaidi. Nchi hiyo ni kubwa kuliko Kenya zaidi ya mara 13, na sehemu yake ya ndani ni nyika na jangwa. Wenyeji wa asili, Waaborijini, walikuwa wameishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka, nao walikuwa na waganga wao na dawa zao. Wazungu walipoingia na mifugo yao katika karne ya 19, walifungua mashamba makubwa ya ng'ombe na kondoo, ambayo kati ya shamba na shamba palikuwa na mwendo wa siku nzima au zaidi. Mtu akivunjika mguu huko, daktari wa karibu alikuwa mbali kama Lamu ilivyo mbali na Kisumu, na pengine mbali zaidi.

Mwaka 1917 kijana mchunga ng'ombe aliyeitwa Jimmy Darcy alianguka na farasi wake katika upande wa kaskazini wa Australia Magharibi. Rafiki zake walimpakia garini, wakamsafirisha kwa muda wa saa 12 katika njia mbaya mpaka kijiji cha Halls Creek. Hapakuwa na daktari hapo, lakini palikuwa na posta. Mkuu wa posta, Fred Tuckett, hakuwa na elimu ya tiba ila huduma ya kwanza tu. Alipomwona kijana yule anateseka, akaketi kwenye mtambo wake wa telegrafu na kupeleka habari mpaka Perth, mji ulio umbali wa yapata kilomita 3,000, kwa Daktari John Holland. Daktari akauliza kwa alama za Morse, na Tuckett akajibu kwa alama za Morse. Kwa maswali na majibu hayo daktari akatambua kwamba kibofu cha mgonjwa kimepasuka, akaamuru apasuliwe pale pale bila kukawia.

Fikiri, msomaji, hali ya moyo wa Tuckett. Mkononi mwake hamkuwa na kisu cha matabibu, bali kijisu cha kukunja. Inasimuliwa kwamba alisita, akisema huenda akamwua mtu yule. Naye daktari akamjibu kwamba asipofanya lolote mtu yule atakufa kwa hakika. Basi akafanya, hatua kwa hatua, kwa kadiri alama za Morse zilivyomwongoza. Wakati huo Daktari Holland alianza safari: kwa meli ya ng'ombe, kwa motokaa, na hatimaye kwa miguu. Alipofika Halls Creek aliambiwa kwamba Darcy amefariki siku moja kabla yake. Upasuaji ulikuwa umefaulu, walakini maradhi mengine, yakiwamo malaria, yalikuwa yameumaliza mwili uliokwisha kuchoka.

Methali yetu yaonekana kushinda hapo. Hata hivyo tutazame vizuri. Fimbo ya Daktari Holland ilikuwa mbali, lakini sauti yake ilikuwa imefika, na mkono wa Tuckett ulikuwa karibu. Kama telegrafu isingekuwapo, mkono ule ungebaki mtupu. Na kama Tuckett asingejifunza huduma ya kwanza, alama zile za Morse zingekuwa kelele tu. Kile kilichokosekana kilikuwa mwendo wa haraka wa daktari, na njia ya kuwa na dawa tayari kabla ya ugonjwa.

Haja ya mwendo wa haraka ilitambuliwa na mwanafunzi. Clifford Peel alikuwa kijana aliyesomea udaktari mjini Melbourne, kisha akajiunga na kikosi cha ndege wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka uleule wa 1917 alimwandikia barua kasisi John Flynn, aliyekuwa akiongoza tangu mwaka 1912 kazi ya Kanisa la Presbiteri miongoni mwa watu wa nyikani. Katika barua hiyo Peel alieleza jinsi eropleni zitakavyoweza kumfikisha daktari kwa wagonjwa, akahesabu na gharama zake. Wakati huo watu wengi walizidhania eropleni kuwa vyombo vya vita na vya michezo tu. Peel hakuiona ndoto yake ikitimia, maana aliuawa vitani huko Ufaransa mwezi wa Septemba mwaka 1918. Barua yake ilibaki. Nawaomba ninyi wanafunzi mlikumbuke jambo hili: wazo lililowaokoa maelfu ya watu halikutoka kwa profesa mwenye mvi, bali lilitoka kwa mwanafunzi aliyekuwa bado hajamaliza masomo yake.

Flynn aliichukua barua ile akaifanya kazi ya maisha yake. Alikusanya fedha kwa miaka mingi, na tarehe 17 Mei 1928 ndege iliyokodishwa kwa kampuni ya Qantas iliruka kutoka mji mdogo wa Cloncurry katika jimbo la Queensland kwenda Julia Creek. Rubani alikuwa Arthur Affleck, na abiria wake alikuwa Daktari Kenyon St Vincent Welch. Katika mwaka wa kwanza ndege hiyo ilifanya safari 50. Hiyo ndiyo mbegu ya Huduma ya Madaktari Warukao ya Australia, ambayo mwaka 1955 ilipewa heshima ya kuitwa ya Kifalme.

Hata hivyo ndege haisikii kilio cha mgonjwa aliye mbali. Shamba lisilo na waya wa telegrafu lingeitaje ndege? Jibu lilitoka kwa fundi Alfred Traeger wa mji wa Adelaide. Mnamo mwaka 1929 alikwisha tengeneza simu ya upepo iliyopata nguvu zake za umeme kwa kuzungushwa pedali kama za baiskeli. Mtu aliketi kitini, akakanyaga pedali kwa miguu, na kwa mkono akapeleka alama za Morse. Majibu yakamjia kwa sauti ya mtu. Baadaye kilitengenezwa kibao chenye herufi, kama cha taipureta, ili hata asiyezijua alama za Morse aweze kupeleka habari, na hatimaye sauti ikaweza kwenda na kurudi. Kwa chombo hicho mama aliyeketi peke yake katikati ya nyika, mtoto wake anachomeka kwa homa, aliweza kuzungumza na daktari.

Mara madaktari wakagundua jambo ambalo pengine hawakulitazamia. Katika wagonjwa waliowaita, wengi hawakuhitaji ndege hata kidogo. Walihitaji ushauri na dawa. Ushauri uliweza kupita hewani, lakini kidonge hakiwezi kupita hewani. Kwa hiyo mwaka 1942 yalianza kutolewa masanduku ya dawa ya namna moja. Kila sanduku lilikuwa na dawa zilezile, zimepangwa kwa utaratibu uleule, na kila dawa ilikuwa na namba yake. Sanduku lilikabidhiwa kwa mtu mmoja shambani, naye akawajibika nalo. Mtu akiugua, mwenye sanduku aliieleza hali yake kwa daktari kwa simu ya upepo, naye daktari akasema: toa namba fulani, vidonge kadha, mara kadha kwa siku. Watu walioandika historia ya kutoa dawa kwa masafa aghalabu huanza na masanduku hayo. Hata leo yangali yakitumika.

Kwa nini namba, wala si majina? Sababu ni kwamba majina ya dawa ni marefu na magumu, na mengi hufanana. Sauti ya simu ya upepo ilikuwa ikikoroma na kukatika, na jina moja liliweza kusikika kama jina jingine. Namba ni fupi, na kila mtu aijua. Huo ulikuwa ufundi wa akili, wala haukuhitaji mtambo mpya.

Iko hadithi ipendwayo sana na watu wa Australia kuhusu namba hizo. Yasemekana kwamba daktari aliamuru mgonjwa apewe dawa namba 9. Mwenye sanduku akafungua, akaona namba 9 imekwisha. Akafikiri kidogo, kisha akampa mgonjwa namba 5 pamoja na namba 4, kwa kuwa 5 na 4 ni 9. Hatuna haja ya kuapa kwamba jambo hilo lilitokea. Huenda ni masihara tu ya watu waliokaa jioni wakizunguka moto. Lakini masihara hayo yana busara ndani yake kuliko hotuba nyingi. Yaonyesha kwamba namba yaweza kufika salama, na maana yake isifike. Mtu yule alisikia sawasawa, akatii kwa moyo mwema, akajumlisha bila kosa, na bado alimtia mgonjwa hatarini. Aliyehitajiwa hapo ni mtu wa kuuliza, "Je, umepata namba 9? Nisomee maandishi ya chupa." Na mtu huyo ni mfamasia.

Palikuwa na kasoro ya pili. Mazungumzo ya simu ya upepo hayakuwa na mlango wa kufunga. Daktari alipozungumza na mgonjwa mmoja, mashamba yote ya eneo lile yaliweza kusikiliza, na mengi yalisikiliza. Hivyo mwanamke mwenye maradhi ya siri alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: aeleze aibu yake mbele ya majirani wote wa nyika, au anyamaze na kuumwa. Wako ambao bila shaka walinyamaza. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya dawa yake. Ikivuja, dawa hupungua nguvu, maana mgonjwa hasemi kweli yote.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ukurasa wetu katika historia hii. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipanga chini ya Mlima Kilimanjaro kuanzisha huduma ya madaktari warukao katika nchi zetu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa shirika la AMREF. Ndege zilifika mahali ambapo barabara hazikufika, na simu za upepo zikawekwa katika hospitali za mbali ili wauguzi waweze kumwuliza daktari aliye Nairobi. Miongoni mwa waliojiunga nao alikuwa Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyerusha ndege yake mwenyewe hadi Lamu na nchi kavu za kaskazini, mpaka watu wakamwita Mama Daktari. Alifariki mwaka 1999. Yeye aliipeleka fimbo karibu kwa mabawa. Lakini siku zilizobaki, ambazo ndege haikuwapo, mwuguzi wa zahanati ndiye aliyekuwa mkono ulio karibu.

Tuje sasa katika zama zetu. Kule Marekani liko jimbo la North Dakota, ambalo eneo lake halifiki theluthi moja ya Kenya, na ambalo mwaka 2000 lilihesabiwa kuwa na watu 642,200 tu. Miji yake mingi ni midogo, na kila mji ulijivunia duka lake la dawa. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 wafamasia wa miji hiyo walianza kuzeeka na kustaafu, na hapakuwa na vijana wa kushika nafasi zao. Vijana waliohitimu walipenda kukaa katika miji mikubwa. Duka moja likafungwa, kisha la pili, kisha la tatu. Na mzee mwenye ugonjwa wa moyo akalazimika kusafiri mwendo mrefu katika theluji kwenda kutafuta vidonge vyake.

Mwaka 2001 Halmashauri ya Famasia ya jimbo hilo ilitoa kanuni za majaribio, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha jimbo hilo kikaanza mpango wa kutoa dawa kwa masafa kwa kushirikiana na halmashauri hiyo na chama cha wafamasia. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Katika mji mdogo alibaki fundi wa dawa aliyesajiliwa. Yeye alipokea karatasi ya daktari, akaitoa dawa kabatini na kuihesabu. Kisha akaionyesha mbele ya kamera: karatasi, chupa ilikotoka dawa, na vidonge vyenyewe. Mfamasia aliyekuwa mji mwingine alitazama kila kitu kwenye kioo, akahakikisha, na ndipo akatoa idhini. Lakini hapo kazi haikuwa imekwisha. Mgonjwa aliingizwa mahali pa faragha, akaonana na mfamasia kwa njia ya picha, naye akaelezwa dawa yake. Maelezo hayo yalikuwa ya lazima, wala hayakuachwa kwa hiari ya mtu.

Linganisha jambo hilo na masanduku ya Australia, nawe utaona jinsi kasoro mbili za zamani zilivyotafutiwa dawa. Kosa la namba 9 lilizibwa kwa jicho la mfamasia linaloitazama chupa yenyewe. Kosa la simu isiyo na mlango lilizibwa kwa chumba cha faragha. Na mkono ulio karibu haukuondolewa. Ulifundishwa zaidi na kuandikishwa.

Wanafunzi wa famasia wa leo wanaionaje kazi ya namna hii? Katika miaka ya karibuni, na hasa baada ya ugonjwa wa korona kuenea mwaka 2020, watafiti wa nchi mbalimbali wamewauliza. Majibu yametofautiana kwa nchi na kwa vyuo, lakini mambo matatu hurudi mara kwa mara. Wengi huipokea kazi hii kwa moyo mkunjufu, wakisema kwamba itawafikia watu wa mashambani. Wengi hukiri kwamba hawajafundishwa kuifanya. Na wengi huwa na hofu juu ya siri za wagonjwa, na juu ya kupotea kwa kule kuonana ana kwa ana, ambako ndiko kulikowavuta katika kazi hiyo.

Wazee huenda wakazicheka hofu hizo na kusema kwamba vijana wanaogopa kivuli. Historia yasema vingine. Hofu ya siri ni hofu ya yule mwanamke wa nyikani aliyenyamaza mbele ya simu ya upepo. Hofu ya kutofundishwa ni ile hofu ya Tuckett alipokishika kijisu chake. Wanafunzi hao wamelitambua, pengine bila ya kujua, jambo lililowagharimu watu maisha yao kabla wao hawajazaliwa.

Yuko mwanafunzi asemaye: "Mimi sitaki kazi ya kioo. Nataka kumwona mgonjwa anavyotembea, nisikie anavyokohoa, niuone mkono wake ukitetemeka." Maneno yake ni ya haki, maana kioo hakionyeshi yote. Lakini tumwulize: Je, uko tayari kuhamia Mandera, iliyo umbali wa yapata kilomita 1,000 kutoka Nairobi, ukamwone mgonjwa wa huko kwa macho yako? Ikiwa hayuko tayari, basi anayemkataa mgonjwa wa Mandera si kioo, bali ni yeye. Duka la North Dakota halikufungwa na mitambo. Lilifungwa na vijana waliokataa kwenda.

Yuko na mwingine asemaye: "Mambo yote yawe kwa simu. Mgonjwa abonyeze, dawa imfikie mlangoni." Huyu naye tumwonyeshe hatari. Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja katika kila bidhaa 10 za tiba ni duni au ya bandia. Mtu auzaye dawa kwenye simu bila ya kuonekana, bila cheti, na bila kumwuliza mgonjwa swali hata moja, hatoi huduma ya masafa. Anafanya biashara gizani. Masafa yanayomficha mwuzaji ni adui wa mgonjwa, na masafa yanayovukwa na mfamasia anayejulikana kwa jina na kwa sheria ni kitu kingine kabisa.

Nchini Kenya sheria ya famasia na sumu ni ya tangu mwaka 1957, mwaka uleule wa madaktari warukao. Mafunzo ya shahada ya famasia katika Chuo Kikuu cha Nairobi yalianza mwaka 1974. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua tiba ya masafa, na mwaka 2023 ikapatikana sheria ya afya ya kidijitali. Hivyo mlango umekwisha funguliwa kwa sheria. Lakini sheria haiingii mlangoni. Wanaoingia ni watu. Kati yenu ninyi mnaosoma ukurasa huu, wako watakaokuwa wafamasia, na wako watakaokuwa ule mkono wa karibu: wauguzi, mafundi wa dawa, wahudumu wa afya wa vijijini. Wengine wenu mtakuwa tu mtoto wa mama mgonjwa, mtu pekee nyumbani ajuaye kusoma maandishi ya chupa. Kazi hiyo nayo si ndogo. Asomaye vizuri, aulizaye asipoelewa, na asemaye kweli kwamba namba 9 imekwisha, amekwisha kumsaidia mgonjwa kabla ya daktari.

Basi turudi kwenye methali yetu. Baada ya safari hii ndefu, ya merikebu, telegrafu, pedali, sanduku na kioo, je, wazee walikosea? Sidhani. Fimbo ya mbali haikuua nyoka Halls Creek, wala haitaua nyoka popote. Lakini katika kila mahali ambapo nyoka aliuawa, palikuwa na mtu wa karibu aliyejifunza kushika fimbo, na mtu wa mbali aliyemwambia kwa subira apige wapi. Mtambo ulipeleka sauti tu. Kwa hiyo mwanafunzi wa famasia asijiulize kama aupende mtambo au auchukie. Ajiulize kama, siku atakapoitwa kutoka mbali na sauti ya mtu anayeogopa, atakuwa na elimu ya kumjibu, na moyo wa kungoja mpaka ahakikishe kwamba ameeleweka.